Ile foraji si lazima iwe zawadi ya bosi

Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, hukosi kuona foraji (kisima kirefu cha bomba) au shule yenye kibao cha kampuni ya migodi. Wengi huamini vitu hivyo ni ukarimu wa wakubwa wa kampuni: wakipenda wanatoa, wakikasirika wanaacha. Ni rahisi kuamini hivyo, maana siku ya kufungua bomba kuna hotuba, ngoma, na shukrani nyingi kwa "mfadhili".

Misaada ya hiari ipo, tusiikane. Lakini tangu sheria ya migodi ya Kongo (Code minier) iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni inayochimba inatakiwa kutenga kila mwaka angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Ni ya mauzo, si ya faida, na hapo ndipo penye uzito. Ikiuza kwa dola milioni 100, fungu ni dola 300,000, hata ikisema mwaka huu haikupata kitu. Fungu hilo husimamiwa na wajumbe wa kampuni pamoja na wa wakaaji.

Kando yake kuna "cahier des charges", mkataba wa miaka 5 unaotaja kazi zitakazofanywa.

Basi kabla ya kushukuru au kulaumu, nenda kwa shefu au ofisi ya sekta, uombe kuusoma mkataba huo. Tafuta ile foraji ndani yake. Ikiwa imeandikwa humo, ni deni lililolipwa. Isipokuwemo, uliza imetoka fungu gani.