Je, wajua? "Noti ya Shetani" hupigwa kanisani kila Jumapili

Ukikaa na wapiga gitaa wa Nairobi, hatakosa wa kukuambia kwamba zamani Kanisa Katoliki lilipiga marufuku noti fulani eti kwa kuwa ilimwita Shetani, na aliyeipiga aliona cha mtema kuni. Hadithi ni tamu, ila marufuku yenyewe haijawahi kuonekana. Hakuna waraka wa papa, hakuna uamuzi wa mtaguso, hakuna kesi ya mwimbaji aliyechomwa moto kwa ajili yake. Wala si noti moja. Ni umbali kati ya noti mbili, unaoitwa tritoni.

Kilichokuwapo ni kanuni za walimu wa kwaya. F na B, noti mbili zenye umbali huo, zikikutana, mwimbaji hupotea tuni kwa urahisi. Mfumo wa kufundishia uimbaji uliotokana na mtawa Guido wa Arezzo, wa karne ya 11, ulikuwa na B iliyoshushwa nusu toni (kitufe kimoja cha kinanda), na waimbaji waliitumia kuukwepa mgongano huo. Jina diabolus in musica, yaani shetani ndani ya muziki, linaanza kuonekana vitabuni mwanzoni mwa karne ya 18. Mwaka 1739 mwanamuziki Mjerumani Johann Mattheson aliandika kwamba waimbaji wa zamani ndio waliokuwa wakilitumia. Zamani ipi hasa, hakusema.

Kuitafuta tritoni yenyewe si kazi. Kinanda chochote kitafaa, hata kile kidogo cha watoto cha Luthuli Avenue, Nairobi. Bonyeza C, kisha panda vitufe sita, vyeusi kwa vyeupe, mpaka F#, kile cheusi kilicho kati ya F na G. Wengi hukosea kwa kuihesabu C yenyewe kuwa moja. Wanaishia F, halafu wanashangaa mbona Shetani ana sauti ya upole hivyo.

Kwa nini inakereketa? C ya katikati hutetemeka takriban mara 261.6 kwa sekunde, na G iliyo juu yake mara 392. Yaani C ikitetemeka mara 2, G inatetemeka mara 3. Wachukue watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Huyu akipiga 2 na yule 3, michi inatua pamoja kila baada ya muda mfupi, na sikio linaukamata mwendo. Sasa mtoe wa G, umlete wa F#, mitetemo 370. Mwenzake akipiga 5, yeye amepiga 7 na chembe. Duru inayofuata chembe zimekuwa mbili, kisha tatu. Katika kinanda cha kawaida uwiano wa noti hizo ni kipeuo cha pili cha 2, namba isiyoandikika kama uwiano wa namba nzima mbili, kwa hiyo wakishaanza pamoja, michi haitatua tena kwa wakati mmoja. (Mpenda hesabu atasema hata G ya kinanda haifiki 1.5 kamili. Ni kweli, ila kasoro yake ni ndogo mno, sikio halishughuliki nayo.)

Je, hilo peke yake linatosha kutisha? Hapa twende polepole. Mwaka 2016 mtafiti Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusu Watsimane wa msitu wa Amazoni, nchini Bolivia. Watsimane waliona sauti zinazopatana na zinazogongana zinapendeza sawa tu. Basi mgongano upo katika mitetemo, lakini uovu huenda tumefundishwa, na filamu za kutisha ni mwalimu mmojawapo.

Sasa twende kanisani. Pambio linapokaribia kutulia kwenye C, mara nyingi mpiga kinanda hubonyeza G, B, D na F kwa pamoja. Humo ndani B na F ni tritoni kamili. Halafu B inapanda nusu toni hadi C, F inashuka nusu toni hadi E, na waumini wanaitikia amina. Bila ule usumbufu mdogo, kutulia kwenyewe kungekosa raha. Mzee wa kanisa anayepinga gitaa la umeme hana habari.

Kumbe kinachotisha ni kuiacha tritoni ikining'inia bila kutulia. Bendi ya roki ya Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, katika wimbo wenye jina lao (1970), waliiacha: mpiga gitaa wao Tony Iommi anapiga G, kisha G inayofuata juu yake, kisha C# anayoitetemesha taratibu bila kuipeleka popote. Humo Shetani ameketi anatabasamu, na anayeimba anamlilia Mungu amwokoe. Waliouita wimbo wa kumwabudu hawakusikiliza maneno.

Mashetani wa nyimbo nyingine hawategemei vitisho hivyo. Katika mapambio yetu Shetani hukanyagwa na kufukuzwa kwa makofi, tuni ikiwa ya furaha tupu. Shetani wa Robert Johnson, mwimbaji wa blues wa Marekani, aliyerekodiwa Dallas mwaka 1937, anabisha hodi asubuhi na mapema, na mwenye nyumba anatoka naye bega kwa bega. Wa bendi ya Rolling Stones (1968) ni bwana mwenye pesa na adabu zake, anayejitambulisha juu ya mdundo wa samba. Wa mwanamuziki Charlie Daniels (1979) anawekeana dau na kijana wa Georgia, fidla ya dhahabu kwa roho yake. Anashindwa, anaiweka fidla miguuni pa kijana, na kijana anamwambia arudi tena akitaka kujaribu.