Mkanda wa kupandia miti uliokukaa vizuri ni upi?

Mpogoa miti anayetumia kamba hasimami sana juu ya mti. Muda mwingi ameukalia mkanda wake, miguu ikiegemea shina. Kwa hiyo mkanda uliokukaa ni ule unaohamishia uzito wako kwenye nyonga na mapaja, si kiunoni wala mbavuni, ukakata matawi muda mrefu bila miguu kufa ganzi. Aliyeujaribu dukani akiwa amesimama bado hajaujaribu.

Usiuchanganye na ule wa mafundi ujenzi wenye pete mgongoni. Ule kazi yake ni kumdaka mtu akianguka. Kuukalia kutwa nzima kwenye mjohoro wa mtaa wa Area C, Dodoma, ni mateso. Wa kupogolea una kiuno kipana chenye sponji, vitanzi viwili vya mapaja, na pete kila upande wa nyonga kwa ajili ya kamba fupi ya kuzungushia shina. Mbele una kipande cha kamba chenye pete inayoteleza kushoto na kulia, ili ukigeuka kulifuata tawi, au upepo wa Julai ukikusukuma, mkanda usikusokote.

Sehemu ya kiuno ikae juu kidogo ya mifupa ya nyonga, ibane kiasi kwamba hata ukiivuta chini kwa nguvu haivuki mifupa hiyo. Hapa sina utani: ukipinduka kichwa chini, mkanda uliolegea unaweza kukutoka. Kwenye vitanzi vya mapaja, kiganja kilichonyooka kipite, ngumi isipite. Pima ukiwa umevaa suruali yenyewe ya kazi. Vijana watatu wakipokezana mkanda mmoja, kila anayeuvaa aukaze upya, maana wa mnene hauwezi kumkaa mwembamba.

Kisha ning'inia. Funga kamba kwenye tawi imara, miguu iachane na ardhi kidogo tu, ukae hivyo dakika tano hadi kumi. Inama, geuka, nyoosha mkono kana kwamba umeshika msumeno. Kiuno kikipanda hadi mbavuni, kimelegea au saizi si yako. Ukihisi unavutwa chali, sehemu ya mkanda uliyofungia kamba iko chini mno. Vidole vya miguu vikianza kuchonyota, vitanzi vinabana mishipa ya damu ya mapajani.

Lakini hata mkanda mzuri haumlindi mtu aliyezimia akabaki ananing'inia bila kujongea: damu hutuama miguuni na anaweza kufa. Pasipo mtu chini anayejua kumteremsha mwenzake, kazi isianze.

Vumbi la Dodoma nalo lina yake. Chembe za mchanga zikijipenyeza kwenye nyuzi husaga taratibu kutoka ndani, na bizimu zikijaa vumbi huanza kuteleza, mkanda uliokazwa asubuhi ukawa umelegea kufikia mchana. Ufue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uanike kivulini. Jua kali hudhoofisha nailoni.