Mtoto wa malezi ya kambo asisubiri kuugua ndipo asaidiwe

Walezi wa kambo, yaani waliokabidhiwa kulea mtoto aliyetengana na wazazi wake, tunaowaalika kwenye programu za kinga ya afya ya akili hutujibu hivi mara nyingi: "Mtoto wangu hana tatizo." Tunawaamini, na ndiyo maana tumewaita. Programu ya kinga ni ya mtoto anayekula vizuri, anayecheza na kufaulu darasani, lakini ametengana na wazazi, pengine na ndugu zake pia, na ameshahama nyumba mara mbili au tatu. Mzigo huo huweza kujificha hadi ujana. Mtoto mkimya kupita kiasi humfurahisha mlezi, ila sisi hututia wasiwasi, kwani wapo waliojifunza kwamba wakinyamaza hawatahamishwa tena.

Programu moja iliyoanzia Denver, Marekani, iliwachukua watoto wa miaka 9 hadi 11. Kwa wiki 30 walikutana katika vikundi vidogo wakijifunza kutambua hisia, kutuliza hasira na kuzungumza juu ya kupoteza watu na kuhamahama. Kila mtoto alikuwa pia na mwanafunzi wa chuo kikuu wa kumwongoza na kuwa karibu naye. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakushiriki, dalili za matatizo ya akili zilikuwa zimepungua. Hakuna aliyewaita wagonjwa.

Sasa ridhaa, ambayo hukwamisha maombi mengi ya kujiunga. Kumlea mtoto hakukupi moja kwa moja mamlaka ya kisheria juu yake. Kutegemea amri ya malezi, mamlaka hayo huweza kubaki kwa mzazi aliyemzaa, mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa hiyo afisa mwenye faili la mtoto huthibitisha kwanza nani ana mamlaka. Huyo ndiye anayetia saini. Kisha mlezi husaini sehemu yake ya kukubali kumleta mtoto kwenye vipindi. Fomu yenye saini ya mlezi peke yake hurudishwa, hata kama amemlea mtoto miaka mitano. Kusaini kwa jina la mzazi ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai.

Baada ya saini zote, bado mtoto mwenyewe hajaulizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Tunapokutana naye mara ya kwanza hatumhoji habari za nyumbani kwao. Maswali hayo ameshayajibu kwa polisi, kwa afisa na kwa mwalimu, na amechoka. Tunamwonyesha chumba, tunamweleza watakachofanya na nani atakuwepo, kisha tunamwacha afikiri. Akikataa leo, tunamuuliza tena baadaye.

Tunaomba, na tumeshaomba sana: msiitumie programu kama fimbo. "Ukirudia nitakupeleka kwa wale washauri" ni sentensi moja inayobomoa kazi ya miezi. Kumnyima kipindi kwa sababu amekosa adabu ni vilevile.

Walezi wengine huogopa kwamba anachosema mtoto kitatumika kumwondoa nyumbani kwao. Yanayosemwa kikundini hubaki kikundini, isipokuwa pale panapoonekana mtoto anadhuriwa au anataka kujidhuru. Hapo ni lazima tutoe taarifa. Mtoto huelezwa mpaka huo siku ya kwanza, ili asije kuona amesalitiwa.

Akihamishiwa familia nyingine, tupeni taarifa kabla ya siku ya kuondoka. Mara nyingi anaweza kuendelea na kikundi kilekile. Ikiwa anakwenda mbali, tupeni angalau kipindi kimoja awaage wenzake, maana wengi wa watoto hawa waliondoka nyumba zilizotangulia bila kumuaga mtu.