Mwanya wa Sekunde Nane: Kuiga Uvukaji wa Barabara kwa Kompyuta

Mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, pale Mwanjelwa jijini Mbeya, beseni la ndizi kichwani, anatafuta kitu kimoja: mwanya kati ya gari na gari. Anayetaka kuiga uvukaji kwa kompyuta naye aanzie hapo.

Chukua barabara ya mita 7. Mtu mzima anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huimaliza kwa sekunde 6 hivi. Ongeza 2 za kuamua na kuinua mguu, zinakuwa 8. Ndani ya sekunde hizo, gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata mita 111. Lenye 80 hukata mita 178. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu jicho letu hukisia umbali vizuri kuliko mwendo. Lori lililo umbali wa mita 120 huonekana "bado liko mbali", liwe na 50 au 80. Ukimpa mvukaji wa kwenye kompyuta macho yasiyokosea, barabara itaonekana salama kuliko ilivyo. Mpe kosa hilohilo la jicho. Na usitumie mwendo mmoja kwa wote: bibi mwenye mzigo, akienda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 11.

Vipimo vichukuliwe kwa kamera iliyowekwa juu, saa za soko na saa za shule. Wengi huandika mianya iliyotumika tu, na hilo linaharibu kazi nzima. Aliyevuka kwenye mwanya wa sekunde 20 hajakuambia kama angeukubali wa 9. Kiwango chake kiko kati ya mwanya mrefu kuliko yote aliyoiacha na ule aliovukia. Andika pia amesubiri muda gani, maana subira ikiisha, watu huingia kwenye mianya mifupi zaidi.

Malori ya Tunduma, mpakani mwa Zambia, nayo huja kwa msururu, nyuma ya moja lililolemewa na mlima. Ukiyatawanya kwa bahati nasibu, muda wa kusubiri utakaopata si wa kweli.

Programu huria ya SUMO ya kuiga mwendo wa magari na watu barabarani, iliyoanzishwa Ujerumani, inatosha kwa kazi hii, ila usipoirekebisha, magari yake husimama kwenye zebra kumpisha mtu. Hesabu kwanza madereva wangapi kati ya 100 husimama kweli, kisha weka idadi hiyo.

Baada ya hapo jaribu kuweka kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara. Mvukaji hahitaji tena sekunde 8 tupu za pande zote mbili kwa pamoja. Anahitaji 5 za upande mmoja, anapumzika, kisha 5 za upande wa pili.