Mtoto wa tarantula anakufa kwa kiu, sio kwa njaa

Desemba iliyopita nilienda Hamm, hapa Ujerumani, kwenye yale maonyesho ya Terraristika ambako watu wanauza nyoka, mijusi, vyura na buibui wa kila aina, nikafika kwenye meza ya jamaa mmoja kapanga vikopo vingi sana na juu kaandika Pterinochilus murinus, jina la kisayansi la aina moja ya tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, na pembeni yake Usambara. Nilisimama pale muda mrefu. Mi nimekulia Korogwe, hiyo milima nimeiona kila asubuhi nikienda shule, halafu naikuta jina lake limebandikwa kwenye kikopo chenye buibui ambaye hata akinyoosha miguu yote hafiki sentimita moja na nusu. Nikachukua wawili, nikawaweka mfuko wa ndani wa koti ili baridi ya njiani isiwapate.

Huu ni mwaka wa kumi na moja nafuga na kuzalisha tarantula, na meseji ninazopata zaidi ni za watu walionunua mtoto akafa ndani ya wiki chache tu, na karibu wote wanasema labda sikumlisha vya kutosha. Ndugu yangu, ni maji. Mtoto wa tarantula anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asipate shida, lakini kukauka kunamuua haraka sana, kwa sababu ngozi ya mkubwa ina kama nta inayozuia maji yasitoke na ya mtoto bado ni nyembamba, halafu mwili wenyewe mdogo hauna akiba. Ndio maana hata huyu wa Usambara, ambaye wakubwa wake wanavumilia ukame vizuri na utasoma kila mahali kwamba anataka udongo mkavu, akiwa mtoto ukimweka kwenye ukavu mtupu unampoteza.

Kuna jambo la mwili wake ambalo ukilielewa mengine yote yanakaa sawa. Buibui hana misuli ya kunyoosha magoti, anayo ya kukunjia tu, kunyoosha anasukuma majimaji ya mwilini mpaka miguuni kama mafuta ya breki yanavyosukuma breki za gari. Akikaukiwa ile presha inashuka, miguu inajikunja yote chini ya kifua kama ngumi. Ukimkuta hivyo usimtupe. Chukua kikopo, tandika tishu yenye unyevu, mlaze na umwekee tone la maji karibu na mdomo, funika, muache masaa kadhaa sehemu yenye joto la kawaida. Ila yasiwe dimbwi, maana mapafu yake yako chini ya tumbo na ukimlaza majini anazama. Wengine nimewaokoa hivyo, wengine nilichelewa.

Sasa nyumba yake. Mimi natumia vile vikopo vya plastiki vya kupimia mkojo, vipya bila shaka, vinauzwa bei rahisi famasi na mfuniko wake unakaza kweli. Toboa matundu kwa sindano ya moto, ubavuni na juu, na hakikisha tundu ni dogo kuliko gamba la kifuani, kwa sababu pale gamba linapopita buibui mzima anapita, tumbo linabonyea. Ndani jaza unga wa makumbi, yale ya nazi, mpaka theluthi mbili za kopo au zaidi kidogo. Huyu ni mchimbaji, anataka kina, na pia ukiacha nafasi kubwa juu atapanda kwenye mfuniko aanguke, na tumbo la tarantula likipasuka ndio basi. Weka kipande cha gome kimelala upande ili apate pa kuanzia kuchimba.

Maji namwaga kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, upande mmoja tu wa kopo, taratibu yateremke ukutani mpaka chini. Juu panabaki pakavu, chini pana unyevu, na yeye anachagua mwenyewe akae wapi. Kupuliza maji kila siku kwa chupa ya kupulizia sikushauri, unamtia stresi na unalowesha juu ambapo baada ya saa pamekauka tena, halafu ukizidisha kwenye kopo lenye matundu mawili tu unapata ukungu na harufu ya kuvunda, na hewa ya hivyo nayo inaua. Mimi nanyanyua kopo naangalia rangi ya makumbi kwa pembeni, yakiwa meusi chini nasubiri, yakianza kuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa naongeza. Na taa za joto weka mbali kabisa. Nyuzi 22 mpaka 26 za chumbani zinamtosha.

Chakula ni rahisi. Vinzi vile vya ndizi mbivu, au paja la nyenje lililokatwa, mtoto anakula hata kilichokufa. Kisizidi ukubwa wa tumbo lake, mara moja au mbili kwa wiki, na mabaki yatoe kesho yake.

Halafu kujivua gamba, na hapa ndipo watu wanatupa buibui wazima. Atakataa kula, tumbo litang'aa na kuwa jeusi, ataziba shimo kwa utando na udongo, na anaweza kukaa hivyo wiki au zaidi. Usimchimbue. Narudia, usimchimbue, hata kama roho inakuuma kutaka kujua. Akijivua huwa analala chali miguu juu, na mtu ambaye hajawahi kuona anaamini kabisa amekufa kumbe ndio yuko kazini. Aliyekufa au aliyekauka mara nyingi amesimama wima na miguu imekunjwa chini yake. Kama kuna nyenje hai ndani mtoe mapema, maana nyenje anamtafuna buibui aliye laini. Baada ya hapo meno yanakuwa meupe, yanaenda mekundu, mwisho meusi, na mpaka yawe meusi usimpe chakula. Kwa mtoto ni siku nne tano hivi. Maji tu yasikosekane.

Kitu kingine ambacho bado kinaniuma. Miaka mitano iliyopita mwenzangu wa nyumba alimpaka paka dawa ya viroboto, mi nikambeba paka, nikaenda kulisha watoto bila kunawa. Ndani ya siku mbili, watoto saba walianza kutetemeka na kutembea kama walevi, wote wakafa. Dawa ya viroboto, ya mende, ya mbu, udi wa mbu, zote zimetengenezwa kuua viumbe wa jamii yake, kwa hiyo chumba cha buibui kisiguswe na kitu hicho, na mikono inawe kwanza.

Kuhusu kumshika, huyu hashikwi. Tarantula wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wa Amerika wanazirusha kwa miguu ya nyuma, wao wanajitetea kwa mbio na meno, na sumu yake inaleta maumivu makali na misuli kukaza. Mtoto mdogo ngozi yako labda hataiweza lakini kasi yake hutaiweza wewe. Wanaonitumia meseji kutoka Tanga na Kenya wakitaka kuchimba mashimo porini wapate wa kufuga au kuuza, jibu langu ni hapana, sheria za wanyamapori zipo, na Pelinobius muticus jike kwa mfano, tarantula mwingine wa huko Afrika Mashariki, anachukua miaka mingi mpaka kukomaa, ukimtoa shimoni mmoja hakuna wa kujaza nafasi yake karibuni.

Akifika sentimita nne hivi muhamishe. Weka kopo la zamani na jipya ndani ya beseni kubwa refu, mlango wa chumba ufungwe na nguo izibe chini, msukume kwa brashi laini ya rangi aingie mwenyewe. Akikimbia mfunike na glasi, teleza karatasi ngumu chini. Mmoja wa wale wawili wa Hamm alihama Jumapili iliyopita, alizunguka beseni mara tatu, akaingia chini ya gome na usiku ule ule akaanza kutoa udongo nje.