Pikipiki ya Zamani Isiyotembea: Yanayosemwa na Yalivyo

Mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, alinunua Honda CG125, akaenda nayo Muheza mara chache, kisha mguu ukaanza kumsumbua. Tangu hapo imesimama ukumbini chini ya turubai la nailoni, mita ikisoma kilomita 2,140. Kila mgeni anayeifunua ana la kusema.

"Kilomita chache hizo, ni mpya kabisa!" Injini labda. Mpira hausubiri kutembezwa ndipo uzeeke. Nilichuchumaa nikakagua tairi la nyuma: kashata zote, yaani meno ya tairi, zipo, lakini ubavuni kuna nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Namba ya wiki na mwaka ina tarakimu tatu. Tairi zilizotengenezwa kuanzia 2000 zina nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo hilo ni la karne iliyopita. Oili sili, yaani vipete vya mpira vinavyozuia oili isivuje, na mpira wa petroli navyo huzeeka hivyohivyo.

"Iwashe dakika tano kila Jumapili, haitaharibika." Hii ndiyo inayoniudhi, maana binamu yangu aliifanya kwa nia njema. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, kama mvuke. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke unatoka. Ikizimwa bado vuguvugu, maji hubaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Tulipofungua kifuniko cha oili, kwa ndani kilikuwa na utando mweupe kama tui lililokatika. Ama uitembeze nusu saa nzima, ama usiiguse.

"Kuitunza ni kuifunika." Kwa upepo huu wa bahari? Nailoni inafungia unyevu ndani. Shuka kuukuu la pamba ni afadhali. Petroli nayo huchacha ndani ya miezi na kuziba kabureta, basi imwage. Tangi tupu nalo hushika kutu, kwa hiyo lipakwe oili ndani.

"Piga kiki tu, itawaka." Itawaka, huku pistoni ikisugua silinda kavu. Fungua plagi, dondoshea oili kidogo, sukuma kiki taratibu kwa mkono mara kadhaa. Badilisha oili na petroli, ndipo uwashe.

"Ukiiendesha thamani inashuka." Ingekuwa pikipiki adimu ningenyamaza. CG125 ilianza kutengenezwa 1976, valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya taimingi, ile ya kuendesha valvu ndani ya injini, ili ivumilie mahali fundi anaonekana kwa nadra. Zimetengenezwa nyingi mno. Iendeshwe. Ila rangi na stika za kiwandani zisiguswe, hata kama fundi rangi wa mtaani anasisitiza. Hizo zikishabanduliwa hazirudi.

Mjomba amekubali tairi mpya. Turubai amelitoa mwenyewe, akalikunja, akaliweka juu ya siti.