Bay rum ya nyumbani: jani ndilo linaloamua

Bay rum, maji ya manukato ya kupaka usoni baada ya kunyoa, ikitengenezwa nyumbani na kunuka dawa ya kifua, jani lilikuwa si lenyewe. Jani linalotakiwa ni la Pimenta racemosa, mti wa visiwa vya Karibi, na mafuta yake yamejaa yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Jani la mapishi hutoka kwenye mlaureli, mti mwingine kabisa. Mafuta yake yanatawaliwa na sineoli, ambayo ndiyo harufu ya mkaratusi, hivyo hata ukililoweka mwezi mzima halitabadilika.

Zamani, kisiwani St. Thomas, majani haya yalikenekwa pamoja na ramu, yaani yalichemshwa na mvuke wake kupozwa na kukusanywa. Nyumbani tunaloweka tu, na kuloweka kuna masharti yake. Kileo cha asilimia 40 huvuta gundi na rangi kwa wepesi kuliko mafuta, kwa hiyo mimi hutumia vodka ya asilimia 50 au zaidi, mililita 200, na ramu nyeusi mililita 50. Ramu iwe kavu: ile iliyotiwa sukari na viungo huacha uso ukinata. Usiguse kabisa spiriti ya kuchomea, kwa kuwa mara nyingi huwa na methanoli, sumu inayopenya hata kwenye ngozi.

Katika chupa ya kioo weka gramu 10 za majani makavu yaliyovunjwavunjwa, gramu 5 za tembe za pimenta (kiungo kiitwacho allspice; zinafanana na pilipili manga, ila kubwa kidogo) zilizopondwa bila kusagwa, karafuu 3 na nusu kijiti cha mdalasini. Ongeza ganda la nusu chungwa, sehemu ya rangi pekee, kwani utando mweupe hufanya maji yasiwe maangavu. Mimina kileo, funga, weka gizani, tikisa kila siku.

Mdalasini utoe baada ya siku 3. Ukiuacha, hutoa utelezi unaofanya maji yawe mazito kama ute na kuziba chujio, tena sinamaldehaidi, kemikali ya harufu yake, huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Ganda la chungwa litoke siku hiyohiyo. Majani na tembe vikae hadi wiki 2.

Chuja kwa kitambaa, weka kwenye friji usiku kucha ili nta ya majani igande, kisha pitisha kwenye chujio la karatasi la kahawa kabla haijapata joto. Utabaki na takriban mililita 200. Ongeza mililita 4 za glisirini, basi. Ikizidi utang'aa kama umepakwa samli. Ukiona kileo kikali mno, punguza kwa maji yaliyokenekwa, kidogo kidogo. Maji yakigeuka meupe, mafuta yameshindwa kubaki ndani ya kileo. Rudisha kileo kikali mpaka yaangaze.

Anayetumia mafuta ya jani badala ya majani asizidishe mililita 1 kwa mililita 200 za kileo cha asilimia 70. Apime kwa bomba la sindano, maana tone la chupa moja si sawa na la nyingine. Karibu nusu ya mafuta hayo huwa yujenoli, na wapo ambao ngozi yao huikataa. Mafuta ya karafuu yasiongezwe juu yake. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Pakivimba au kuwasha, achana nayo, kuipunguza nguvu hakutasaidia.

Ndimu huipendeza sana bay rum, lakini mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda lake huunguza ngozi ikipigwa na jua. Tafuta yale yaliyokenekwa kwa mvuke. Na usihifadhi kwenye plastiki: yujenoli hulainisha plastiki za aina kadhaa, na kifuniko ndicho huanza kuharibika.